Bura Mbili, Reli Moja

Kenya ina Bura mbili ambazo wasafiri huzichanganya. Moja iko chini ya milima ya Taita, kwenye njia ya Voi kwenda Taveta, penye misheni ya zamani ya Wakatoliki. Wanaoandika historia ya kahawa husema kwamba mibuni ya kwanza ya nchi hii ilipandwa hapo mwaka 1893. Nyingine iko kando ya mto Tana, ukishapita Hola kuelekea Garissa, kwenye nchi tambarare ya vumbi, mathenge na mifereji ya kumwagilia mashamba. Bura ya Taita ina reli. Bura ya Tana haijawahi kusikia honi ya garimoshi.

Nilifika Bura ya Taita mchana mmoja wa kiangazi. Nyasi zilikuwa zimefika magotini katikati ya reli, na nilipozipangua kwa mguu nikaliona taruma la chuma, limeiva kutu lakini bado limeishika kokoto kama siku lilipolazwa. Mtoto wa shule alikuwa akitembea juu ya chuma, viatu mkononi, mikono ameinyoosha asipepesuke. Kwake ile ilikuwa njia ya mkato ya kurudi nyumbani. Wiki chache baadaye nilikuwa Bura ya Tana, nimekaa kando ya barabara pamoja na watu waliokuwa wakingoja lori tangu alfajiri. Matikiti yaliyolundikwa chini ya mti yalikuwa yameanza kuchuruzika upande uliogusa ardhi. Lori lilipofika jioni, utingo aliyapitia moja moja akiyagonga kwa kidole, na mengi yakaachwa palepale. Mwenye mali aliyatazama, akafunga kanga yake kiunoni, akaanza kuyakata vipande awape mbuzi.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ilikuwaje Bura moja ikapata na nyingine ikakosa. Jibu liko katika historia, na linafaa kujulikana na kila anayepigania reli katika ukanda huu. Njia ya Tana imetazamwa, imepimwa na kuahidiwa tangu karne ya 19. Walioitazama karibu wote walikuwa wakienda kwingine.

Kabla ya reli kulikuwa na maji. Watu wa Tana walikuwa na njia yao kuu, nayo ilikuwa mto wenyewe. Wapokomo walishusha mpunga, asali na pembe kwa mitumbwi hadi karibu na bahari, lakini mlango wa Tana ulikuwa mbaya, wenye mchanga na mawimbi. Watawala wa Witu wakachimbisha mfereji wa Belezoni, kutoka Tana hadi mto Ozi, ili mitumbwi ipite kwa utulivu ifike Kau na Kipini. Ulikuwa mfereji mwembamba tu. Baadaye mto wenyewe ukaupenda, ukaacha mkondo wake wa zamani na kuuingia, na hadi leo maji ya Tana hupita njia ile iliyochimbwa kwa mikono. Sijui mfano mwingine hapa kwetu wa mto mkubwa kuhamia njia ya wafanyabiashara. Watu wa bonde hili walijenga miundombinu kabla neno hilo halijaingia katika lugha.

Wazungu walipokuja waliyaona hayo. Mwaka 1878 Clemens Denhardt na Dk. Fischer walipanda Tana kutafuta njia ya kwenda bara. Clemens na ndugu yake Gustav walirudi, wakapata mkataba na Sultani Ahmed wa Witu, aliyeitwa Simba, na mwaka 1885 Witu ikawa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Mwaka 1889 Carl Peters alipita kando ya mto huohuo kwa bunduki na matata. Kisha, tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani na Uingereza zikatia saini mkataba wao, Witu ikahamia mikononi mwa Waingereza kama kitu kilichopimwa kwenye mizani, na haukupita muda kabla meli za kivita za Uingereza hazijaleta askari wa kuuchoma mji wa Witu. Tangu hapo hatima ya Tana ikawa mikononi mwa kampuni moja ya Uingereza, ile ya William Mackinnon, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888.

Kampuni hiyo iliutaka mto. Mwaka 1891 ilimtuma Kamanda Dundas apande Tana kwa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Kenia, yenye gurudumu la kusukuma maji nyuma. Unaweza kuiona akilini ile safari: chombo kinachochoma kuni, kinachopinda kila upande kwa sababu Tana hainyooki hata mwendo wa saa moja, mafungu ya mchanga yanayohama kila msimu, na watu wa vijiji wamejipanga ukingoni kutazama moshi. Kenia ilifika mbali sana juu ya mto. Ilipita nchi ambayo leo ni Garsen, Hola na Bura. Ilithibitisha kwamba njia ipo, na ilithibitisha pia kwamba ni njia ndefu, yenye kona zisizohesabika na maji yasiyoaminika.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Kapteni Macdonald alitumwa kupima njia ya reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Hapo ndipo Tana iliposhindwa. Mombasa ilikuwa na bandari ya kina kirefu Kilindini, na waliokuwa wakihesabu fedha kule London walikuwa na macho kwa Uganda na chanzo cha Nile. Nchi iliyo katikati walitaka kuivuka tu. Kampuni ikaondoka Witu mwaka 1893. Mwaka uliofuata kundi la wahamiaji kutoka Ulaya lilishuka Lamu likiwa na ndoto ya kupanda Tana hadi Mlima Kenya na kuanzisha jamii huru huko, kama alivyoota Theodor Hertzka katika vitabu vyake. Hawakufika popote. Walikwama Lamu, wakagombana, wakatawanyika. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari kubwa ya mwisho ya zama zile kuifanya Tana mlango wa bara.

Reli ikaanza Mombasa mwaka 1896. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Uhindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na simba wa Tsavo. Mwishoni mwa 1901 chuma kikalifikia Ziwa Viktoria pale panapoitwa leo Kisumu. Miji mingi mikubwa ya Kenya tunayoijua leo ilikua kando ya njia ile au matawi yake: Voi, Nairobi, Nakuru, Eldoret. Lamu, iliyokuwa mji kabla Nairobi haijawa hata kambi ya mahema, ikaanza kusinyaa. Kau ikabaki jina.

Bura ya Taita ilipataje reli, basi, ilhali haikuwa njiani kuelekea ziwani? Ilipata kwa sababu ya vita. Agosti 1914 askari wa Kijerumani walivuka mpaka wakaitwaa Taveta, kisha wakaanza kutuma makundi madogo kulipua reli ya Uganda kwa baruti. Waingereza wakaamua kujenga tawi kutoka Voi kuelekea magharibi. Mwaka 1915 mafundi wa reli wa jeshi la Uhindi waliilaza kupitia Mwatate, Bura na Maktau, na kwa kuwa nyika ile haina maji, wakayachukua maji ya milima ya Bura kwa bomba hadi kambi za mbele. Mwanzoni mwa 1916, baada ya mapigano makali ya Salaita na ya vilima vya Latema na Reata, reli ikasonga mbele na kuungana na ile ya Wajerumani ya Tanga na Moshi pale Kahe.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Nyika ya Taru si nchi rahisi. Haina maji, ina miiba, ina tembo, na wakati ule ilikuwa na adui. Reli ilijengwa humo kwa miezi, kwa sababu alikuwapo mwenye haja aliyekuwa na nguvu ya kuamuru. Kila ninaposikia kwamba nchi ya Tana ni ngumu mno kwa reli, kwamba mafuriko, kwamba udongo, kwamba usalama, nakumbuka lile bomba la maji la Bura.

Tawi la Voi liliitumikia nchi kwa miongo mingi. Lilibeba mkonge na kahawa, lilibeba watu wa Taveta kwenda Mombasa, na liliziunganisha Kenya na Tanganyika katika mfumo mmoja, hasa baada ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1948. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka hadi 1983, na kiungo cha Kahe kikakosa kazi. Safari za Voi na Taveta zilipungua, zikakoma. Nyasi zikaanza kuota.

Tana wakati wote huo ilikuwa na kivuko cha Garsen. Wazee wanakikumbuka vizuri kuliko ramani yoyote. Kilikuwa jukwaa linaloelea, limefungwa kwenye kamba nene iliyovuka mto, na abiria wenyewe walishika kamba wakavuta. Basi la Lamu lilisukumwa juu yake taratibu, magurudumu yakizuiwa kwa vigogo, abiria wakiwa wameshushwa. Mto ukijaa, kivuko kililala. Watu walikaa Garsen siku mbili, siku tano, wakala samaki na mhogo, wakalala kwenye vibaraza vya maduka, na mzigo wao ukaoza. Daraja lilipojengwa, wengi walidhani ukurasa umefungwa. Mafuriko ya El Nino ya mwaka 1997 na 1998 yaliwakumbusha kwamba daraja lina manufaa iwapo barabara inayolifikia bado ipo. Mafuriko hayohayo yaliharibu matuta ya mradi wa mpunga wa delta, yaliyojengwa kwa fedha nyingi.

Serikali haikukosa njia ya kufika Tana ilipoitaka. Mwaka 1953 wafungwa wa Mau Mau walianza kupelekwa Hola, wakalazimishwa kuchimba mifereji ya kumwagilia mashamba katika joto lile. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa kumi na mmoja walipigwa na walinzi hadi kufa. Habari hizo ziliutikisa utawala wa kikoloni mpaka bunge la London. Mifereji ile ikawa mwanzo wa skimu ya Hola, na pamba ikaanza kulimwa. Njia ya kupeleka watu ilikuwapo. Ya kuitoa pamba yao ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika.

Kisha ikaja Bura. Sijaona mahali pengine Kenya ambapo ukosefu wa reli unasomeka wazi hivyo kwenye hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Benki ya Dunia na wafadhili wengine waliikopesha Kenya fedha za kuanzisha skimu kubwa ya umwagiliaji ukingo wa magharibi wa Tana. Mpango ulikuwa wa hekta 6,700 na zaidi ya familia 5,000 zisizo na ardhi, kutoka pembe zote za nchi, zilime pamba na mahindi. Vijiji vilipewa namba badala ya majina, na hadi leo mtu wa Bura atakwambia alizaliwa Kijiji cha Tatu au cha Saba. Wakulima wa kwanza walifika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliokuja walikuta nyumba zimejengwa, mifereji imechorwa, na jua lisilo na huruma.

Maji yalivutwa kutoka mtoni kwa pampu za dizeli pale Nanigi. Dizeli ililetwa kwa lori. Mbolea ililetwa kwa lori, dawa za wadudu kwa lori, vipuri vya pampu kwa lori, saruji, nondo, unga wa watu, yote kwa lori, kwenye barabara iliyokatika kila mvua iliponyesha, kutoka bandari iliyo mbali zaidi ya kilomita 300. Pamba ilitoka vivyo hivyo. Gharama zikapanda hadi Bura ikatajwa miongoni mwa skimu ghali kuliko zote duniani kwa hekta. Ikaishia karibu hekta 2,500 na familia kama 2,200. Pampu zilipoharibika, mashamba yalikauka yakingoja kipuri. Kufikia miaka ya 1990 mifereji mingi ilikuwa mikavu, na mathenge, mti ulioletwa ili watu wapate kuni, ukaziba mashamba na njia na kuumiza mifugo kwa miiba yake. Skimu ilifufuliwa baadaye, na kazi ya kuleta maji kwa mteremko badala ya pampu ikaanzishwa, jambo jema ambalo lingepaswa kufanywa tangu siku ya kwanza.

Wataalamu wameandika mengi kuhusu kushindwa kwa Bura: udongo, usimamizi, bei ya pamba, pampu. Yote ni kweli. Ninachoongeza ni kwamba skimu ya ukubwa ule, ya zao zito lenye ujazo mkubwa na faida ndogo kwa kila gunia, ilipandwa mahali pasipo na reli, na hakuna aliyeipanga reli pamoja nayo. Wakoloni walipotaka pamba ya Uganda waliivutia reli. Kenya huru ilipotaka pamba ya Tana iliipelekea malori.

Wazo la bandari kubwa Lamu nalo ni la miaka hiyohiyo ya 1970. Lilikaa kwenye kabati la serikali hadi Sudan Kusini ilipopata uhuru Julai 2011, ikawa na mafuta mengi na njia moja tu ya kuyatoa, kupitia Sudan, ile iliyotoka kupigana nayo. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir na Waziri Mkuu Meles Zenawi walisimama Lamu na kuzindua mradi wa LAPSSET: bandari, bomba la mafuta, barabara, viwanja vya ndege, miji ya kitalii, na reli ya kutoka Lamu kupitia Garissa hadi Isiolo, ikigawanyika huko, mkono mmoja kwenda Juba na mwingine kwenda Addis Ababa. Kwa mara ya kwanza tangu meli ya Kenia, mlango wa bara ulikuwa unarudi upande wa Tana. Mwezi huohuo mafuta yakatangazwa Turkana. Watu wa Garsen walinunua redio mpya, na madalali wakaanza kununua mashamba.

Mwaka huohuo damu ilimwagika. Kuanzia Agosti 2012 mapigano kati ya Wapokomo na Waorma katika delta yaliua watu zaidi ya mia moja. Chanzo chake ni cha zamani: mashamba ya ukingoni na malka, zile njia za kuwateremshia ng'ombe mtoni. Lakini ardhi iliyoanza kunukia fedha iliwasha moto haraka. Nataja hili kwa sababu yeyote anayechora reli kwenye bonde hili kwa rula bila kuuliza malka ziko wapi anachora vita.

Yaliyofuata yaliipunguza LAPSSET kipande kwa kipande. Desemba 2013 Sudan Kusini ikaingia vitani yenyewe kwa yenyewe. Juni 2014 wavamizi waliua watu zaidi ya sitini Mpeketoni na vijiji jirani, na msitu wa Boni ukawa uwanja wa operesheni. Aprili 2016 Uganda ikaamua bomba la mafuta yake lipitie Tanga. Mwaka huohuo reli mpya ya umeme kati ya Addis Ababa na Jibuti ikazinduliwa, na Ethiopia ikapata njia yake. Kenya nayo ilikuwa imeingia kwenye mkopo mkubwa wa China kwa reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017 na kurefushwa hadi Suswa, karibu na Naivasha, mwaka 2019, ikasimama hapo. Fedha za reli nyingine zikawa ngumu kuzungumziwa.

Mei 20, 2021, Rais Uhuru Kenyatta alifungua gati la kwanza la Lamu, na meli iitwayo Cap Carmel ikafunga kamba. Magati mengine mawili yalifuata. Barabara ya lami ilifika Lamu. Reli haikuja. Bandari yenye kina kirefu kuliko nyingi katika pwani hii imekaa miaka ikingoja chuma cha kuifikisha bara, na mzigo mwingi unaoshushwa na meli zinazokuja huhamishiwa kwenye meli nyingine.

Ndiyo hali tuliyo nayo, na ndiyo sababu ya kupaza sauti sasa. Reli zilizokufa zinaweza kufufuka, na ushahidi uko jirani. Tanzania iliifufua njia ya Tanga na Moshi mwaka 2019, treni za abiria za Dar es Salaam zikarudi Moshi mwezi Desemba mwaka huohuo baada ya miaka mingi ya kimya, na mwaka 2020 zikafika Arusha. Mataruma yaliyodhaniwa yamekufa yalibeba tena watu, mbuzi, magunia na harusi. Kenya yenyewe iliirudisha treni ya Nanyuki mwishoni mwa 2020 na ya Kisumu mwishoni mwa 2021, kwenye njia zilezile za zamani zilizokuwa zimeota nyasi. Hakuna aliyengoja mabilioni ya reli mpya. Walibadilisha mataruma, wakaimarisha madaraja, wakafyeka. Chuma cha Arusha kimefika mlangoni kwa Taveta. Kutoka Kahe hadi Voi ni mwendo mfupi, na viongozi na wafanyabiashara wa Taita Taveta wana haki kamili ya kuidai njia yao: Bura yao ingekuwa tena kati ya Mombasa na Arusha.

Kwa Tana kazi ni nzito zaidi, kwa kuwa hakuna cha kufufua ila ahadi. Hapa ndipo ramani inapohitaji kusomwa kwa makini. Lamu iko mashariki ya mto. Garissa mjini iko ukingo huohuo. Isiolo nayo iko kaskazini ya Tana. Kwa hiyo treni inaweza kutoka Lamu hadi Isiolo bila kuuvuka mto hata mara moja, na Bura, Hola na Madogo, zilizo ukingo wa magharibi, zikabaki zikiutazama moshi ng'ambo kama walivyoutazama moshi wa Kenia mwaka 1891. Anayedai reli ya LAPSSET kwa jina tu anaweza kuipata na asipate kitu. Madai yanapaswa kutaja daraja la reli, tawi la kuifikia skimu ya Bura, mahali pa kupakia maembe ya Hola, zizi la kupandishia ng'ombe wa Waorma, na makaravati mapana ya kutosha ili tuta lisigeuke bwawa mto ukifurika. Yanapaswa kutaja malka kwa majina, moja moja, na wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wa Matadeda, baraza la Waorma, wawepo zinapoandikwa. Na yanapaswa kutaja kiungo cha pwani pia: Mombasa, Malindi, Garsen, Lamu. Bandari mbili za nchi moja hazina reli kati yake, na njia ya kuziunganisha hizo mbili hupita Garsen.

Watu wa Lamu wameonyesha jinsi ya kudai. Wavuvi na wanaharakati waliipeleka serikali mahakamani kuhusu bandari, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zimevunjwa, kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, baraza la kitaifa la rufaa za mazingira likaibatilisha leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Lamu. Waliofanya hayo walianza na mikutano barazani, hati za kisheria, na kumbukumbu zilizotunzwa kwenye bahasha. Tangu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, jamii za Tana zina njia ya kusajili ardhi yao kabla mpimaji hajafika. Hilo ndilo jiwe la kwanza la stesheni, nami ningependa kila kijiji kilichopewa namba kiwe kimeliweka.

Kuna watakaouliza kama kweli mzigo upo. Waende Hola msimu wa maembe. Waende Garsen siku ya mnada wa ng'ombe. Wahesabu malori ya miraa, saruji na mafuta yanayopita Madogo usiku. Treni moja ya makontena ya reli ya kisasa hubeba makontena zaidi ya mia moja kwa mkupuo. Na maji haya ya Tana yanawasha taa za Nairobi kutoka mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Hata sauti ya wimbo wa taifa ilitokana na bembelezo la kina mama wa Kipokomo. Bonde hili limekwisha kuipa nchi sehemu yake.

Novemba 2023 mvua za El Nino zilirudi, mto ukaikata barabara kati ya Garissa na Madogo, na malori yakapanga foleni kwa siku nyingi pande zote mbili. Aprili 2024 maji yalikata tena palepale, na boti iliyokuwa ikivusha abiria karibu na Kona Punda ikapinduka, watu wakafa. Nilipita hapo maji yalipokwisha kushuka. Kando ya tuta la barabara, lililoliwa upande mmoja kama mkate, lori la vitunguu lilikuwa bado limeinama, magunia yake yameota majani ya kijani kupitia kwenye matundu. Vijana wawili walikuwa wakiyashusha, wakichagua yanayofaa kupandwa.